Ufunguo wa Ramani ni wa Nani? Maarifa ya Waogiek wa Mau katika Lugha ya Picha

1.0 Utangulizi

Katika mijadala ya hifadhi ya mazingira kuna dai lililozoeleka kwamba picha haihitaji mkalimani. Inasemwa kwamba mwenyeji akichora kile anachokijua, afisa misitu, mhandisi au mbunge atakielewa papo hapo, hata kama masimulizi ya siku tatu barazani yalimpita bila kumgusa. Dai hili si la kupuuzwa. Zipo jamii ambazo ramani zilizochorwa na wazee wao zilifungua milango ambayo barua na malalamiko yao yalishindwa kuifungua. Hata hivyo, dai hilo linaficha jambo ambalo ni la msingi kwa mwanaisimu: picha haiiondoi lugha, bali huihamisha. Kilichokuwa kikisemwa kwa sentensi, kwa majina ya mahali na kwa visa, huhamia katika ufunguo wa ramani, yaani ile orodha fupi ya alama na maana zake inayowekwa pembeni. Anayeuandika ufunguo huo, na anayeusoma, ndio wanaoamua maarifa yatamfikia mtoa maamuzi yakiwa na sura gani.

Makala hii inalichunguza suala hilo kwa kutumia mfano wa modeli ya ardhi iliyojengwa na Waogiek wa Msitu wa Mau, nchini Kenya, mwaka 2006. Mifano mingine, wa Australia na wa kisiwa cha Mafia, inaletwa pale tu inapoumulika ule wa kwanza.

Inafaa kuanza na neno lenyewe. Neno 'ramani' hunasibishwa na rahmani, jina la vitabu vya uongozaji vyombo vilivyotumiwa na manahodha wa Bahari ya Hindi, ambalo nalo hurejeshwa kwenye Kiajemi kwa maana ya kuonyesha njia. Rahmani hasa ilikuwa maandishi: mielekeo ya nyota, mfuatano wa bandari, dalili za kukaribia nchi kavu na majira ya pepo. Kwa hiyo neno ambalo leo humaanisha karatasi yenye mistari na rangi lilianza likiwa jina la maneno yaliyopangwa ili yamfikishe mtu aendako. Historia hiyo haithibitishi lolote kuhusu Mau, lakini inamtahadharisha mtafiti asiuchukulie mpaka kati ya masimulizi na ramani kuwa mpana kuliko ulivyo.

2.0 Waogiek na ardhi yao

Msitu wa Mau, wenye eneo la takriban hekta 400,000, ndio chanzo cha mito inayolisha maziwa ya Victoria, Nakuru, Natron na Baringo. Waogiek wameishi humo kwa uwindaji, kwa kuchuma na, zaidi ya yote, kwa asali. Kwa jirani zao na kwa watawala wa kikoloni waliitwa Wadorobo, jina lenye asili ya Kimaasai linalomtaja mtu asiye na ng'ombe, na kwa hiyo maskini. Jina hilo halikuwa tusi tu. Lilibeba nadharia nzima ya umiliki, kwamba asiye na mifugo wala shamba hana mali, na asiye na mali hana ardhi. Tume ya Ardhi ya Kenya, iliyotoa taarifa yake mwaka 1934, ilipendekeza kwamba kadiri inavyowezekana Wadorobo wamezwe na makabila yaliyo karibu nao kwa nasaba au kwa lugha. Hawakutengewa ardhi iliyo yao.

Tafiti za kianthropolojia, hasa za Roderick Blackburn zilizoanza mwishoni mwa miaka ya 1960, zilionyesha picha tofauti. Kila ukoo ulikuwa na sehemu yake ya msitu, na sehemu hizo mara nyingi zilikuwa ni vipande virefu vilivyopanda kutoka nyanda za chini hadi kwenye mianzi ya juu, vikitenganishwa na mito na migongo ya milima. Umbo hilo lilikuwa na sababu yake. Miti haichanui wakati mmoja katika miinuko yote. Mwenye kipande kinachopanda mlima aliweza kuyafuata maua, na kwa hiyo asali, kadiri majira yalivyobadilika. Mizinga, iliyochongwa kwa mwerezi, iliwekwa katika miinuko mbalimbali, na kila mzinga ulikuwa na mwenyewe. Huu ulikuwa ni utaratibu wa umiliki ulio kamili, ila haukuwa na hati. Ulihifadhiwa katika majina ya vilima na vijito, katika nasaba na katika kumbukumbu za nani aliyechuma wapi.

Mwaka 2001 serikali ilitangaza kuondoa zaidi ya hekta 35,000 za Mau ya Mashariki katika orodha ya misitu iliyohifadhiwa. Mipaka ya tangazo hilo ilichorwa kwa lugha ya upimaji. Waogiek walikuwa na maneno. Upande wa pili ulikuwa na ramani.

3.0 Modeli ya Nessuit

Mwezi Agosti 2006, huko Nessuit katika wilaya ya Nakuru kama ilivyoitwa wakati huo, wanaume na wanawake wapatao 120 kutoka koo 21 za Waogiek walikutana kujenga modeli ya ardhi yao. Kazi hiyo iliwezeshwa na shirika la ERMIS Africa kwa ushirikiano na CTA, kituo cha kilimo na maendeleo vijijini kilichokuwa Wageningen, Uholanzi, hadi kilipofungwa mwishoni mwa mwaka 2020. Modeli ilichukua eneo la kilometa za mraba 576 kwa skeli ya 1:10,000. Maana yake ni kwamba kilometa moja ya msitu ilikuwa sentimeta kumi, na eneo zima lingeenea katika meza yenye upande wa meta 2.4, watu wakilizunguka.

Mbinu yenyewe ilikwisha kutumika sana Ufilipino katika miaka ya 1990. Ramani ya serikali yenye mistari ya kontua hukuzwa. Kila kontua hunakiliwa kwenye kadibodi, hukatwa, na vipande hubandikwa kimoja juu ya kingine hadi milima na mabonde yajitokeze. Kwa kawaida kazi ya kukata na kugundisha hufanywa na vijana wa shule. Baada ya hapo wazee huitwa kuijaza modeli tupu: pini kwa mambo yaliyo mahali pamoja, uzi wa sufu kwa yaliyo mstari, rangi kwa yaliyoenea. Mwishoni hupigwa picha kutoka juu, na picha hizo huingizwa katika kompyuta ili zitoe ramani za kawaida.

Wazee wa Nessuit hawakuijaza modeli kwa msitu uliokuwapo mwaka 2006. Waliurudisha msitu wa miaka ya 1920, ule wa utoto wa wakongwe wao na wa masimulizi ya wazazi wao, kabla ya sehemu kubwa kukatwa na kabla ya wengine kuhamishwa. Uamuzi huo ndio ulioigeuza kazi ya ramani kuwa kauli. Ramani ya serikali daima hudai kuonyesha kilichopo; modeli ya Nessuit ilionyesha kilichokuwapo, na kwa kufanya hivyo iliuliza kimekwenda wapi.

4.0 Sarufi ya pini, uzi na rangi

Ufunguo wa ramani unaweza kutazamwa kama kamusi, na ndivyo unavyotazamwa na wengi: alama upande wa kushoto, maana upande wa kulia. Lakini ufunguo ni zaidi ya kamusi. Una sarufi pia, na sarufi hiyo ina aina tatu tu za maneno. Kila kinachosemwa sharti kiwe nukta, au mstari, au eneo. Mzinga ni nukta. Njia ni mstari. Msitu wa mianzi ni eneo. Hadi hapo hakuna tatizo. Tatizo linaanza pale jambo linapokataa kuingia katika ngeli yoyote kati ya hizo tatu.

Mfano mzuri ni mpaka wa ukoo. Katika masimulizi, mpaka hutajwa kwa kitu: mto fulani, mgongo fulani wa mlima. Mto si mstari. Una kingo mbili, una maji yanayonywewa na pande zote mbili, na aghalabu una masharti ya nani anaweza kuuvuka na kwa nini. Mzee anaposema kwamba mto ndio mpaka, hasemi kwamba haki yake inakoma ghafla katikati ya maji. Anataja mahali ambapo uhusiano wa aina moja unaanza kugeuka kuwa wa aina nyingine: kutoka kuchuma bila kuomba hadi kuchuma kwa kuomba. Uzi wa sufu hauwezi kusema hayo. Unasema tu kwamba huku ni kwetu na kule ni kwao.

Hata hivyo uzi una sifa moja ambayo wino hauna: unasogezwa. Watu wa koo mbili wanapobishana, uzi huondolewa, hushikiliwa hewani na hurudishwa mahali pengine, na mabishano yenyewe ni sehemu ya maarifa. Anayeketi kando na kusikiliza hujifunza kuliko atakayeiona ramani iliyokamilika, kwa sababu husikia hoja: mzinga wa babu ya fulani ulikuwa huku, mzee fulani alizikwa kule. Picha ikishapigwa, uzi hukoma kusogea. Kinachomfikia mkurugenzi au waziri ni mstari mmoja mwembamba, uliosafishwa mabishano yake yote, na unaofanana kabisa na mistari ya upimaji ambayo yeye amezoea kuiona kuwa haina shaka. Wapenzi wa mbinu hii huihesabu hali hiyo kuwa ushindi. Kwa kiasi fulani ni kweli, kwa kuwa bila mfanano huo ramani isingetazamwa. Lakini ni ushindi unaolipiwa.

Rangi nayo ina yake. Ili rangi ipakwe, lazima kwanza kukubaliwe ni aina ngapi za msitu zilizopo. Kiswahili rasmi cha ofisi hutofautisha msitu, pori, kichaka na shamba, na mgawanyo huo una uzito wa kisheria, kwa sababu 'msitu' ofisini humaanisha eneo lililotangazwa katika gazeti la serikali, liwe na miti au lisiwe nayo. Mgawanyo wa mrina asali ni mwingine. Yeye hugawa kwa mwinuko na kwa mti unaochanua, na sehemu mbili ambazo kwa afisa ni msitu mmoja wa kijani kwake ni mbili, kwani nyuki hawapo katika zote kwa wakati mmoja. Maneno ya ufunguo yakitafsiriwa, kategoria za mrina asali hutoweka bila mtu yeyote kukusudia kuzifuta. Hapa ndipo penye hatari kubwa zaidi kuliko ile ya mstari, kwa sababu haionekani. Mtu anaweza kuubishia mstari. Ni vigumu kulibishia neno ambalo halikuandikwa.

Inafuata kwamba ufunguo uandikwe kwanza kwa lugha ya wenye maarifa, na usahili wa tafsiri usiwe kipimo cha ubora wake. Pale ambapo Kiogiek kina istilahi moja inayohitaji maneno kumi ya Kiswahili, maneno hayo kumi yaandikwe. Maafisa watalalamika kwamba ufunguo ni mrefu. Na walalamike, sheria za misitu ni ndefu zaidi na wanazisoma.

5.0 Yasiyochoreka na yasiyopaswa kuchorwa

Yapo mambo mawili ambayo ramani ya aina yoyote huyahangaikia. La kwanza ni wakati. Modeli ya kadibodi haina majira. Mizinga yote huonekana kana kwamba inajaa pamoja, ilhali msingi wa umiliki wa Kiogiek, kama ilivyoelezwa katika sehemu ya 2.0, ni ule mfuatano wa maua kutoka mwinuko mmoja hadi mwingine. Mtu asiyelijua hilo atakiona kipande kirefu cha ukoo kuwa ni tamaa ya ardhi. Atashauri kwamba ukoo upewe sehemu ya chini na ile ya juu ihifadhiwe, naye atadhani ametenda haki, kumbe ameuondoa nusu ya mwaka.

Jambo hilohilo linaonekana pwani. Hifadhi ya Bahari ya Kisiwa cha Mafia, iliyotangazwa mwaka 1995, imegawanywa katika kanda kulingana na matumizi yanayoruhusiwa, na kanda hizo huonyeshwa kwa mipaka isiyosogea. Maarifa ya mvuvi hayakai kwenye mipaka ya namna hiyo. Wakati wa kaskazi na wakati wa kusi bahari ileile si bahari ileile, na neno 'bamvua' peke yake lina ndani yake umri wa mwezi, kimo cha maji kujaa, na upana wa mwamba utakaobaki wazi maji yakitoka, ambapo wanawake watashuka kutafuta pweza. Neno moja linabeba mahali, wakati na kazi. Hakuna rangi inayoweza kufanya hivyo. Pengine duara la majira likiwekwa kando ya ramani lingesaidia, lakini duara nalo lingehitaji kusomwa na mtu anayejua bamvua ni nini.

La pili ni siri. Si kila kijulikanacho hutakiwa kujulikana na wote. Katika misitu ya nyanda za juu za Kenya umo mti uitwao kitaalamu Prunus africana, ambao gome lake hununuliwa kwa ajili ya dawa ya tezi ya kibofu, na ambao tangu mwaka 1995 biashara yake ya kimataifa inadhibitiwa kwa mkataba wa CITES. Ramani inayoonyesha mahali mti huo ulipo ni ushahidi wa ujuzi wa wenyeji. Ni mwongozo pia kwa anayekwenda kuubambua usiku. Hivyo hivyo kwa mahali pa matambiko. Katika masimulizi, msimulizi humtazama msikilizaji kabla ya kuamua aseme kiasi gani. Ramani haimtazami mtu. Ikishachapishwa, humwambia kila mmoja yaleyale. Atlasi ya maeneo ya jadi ya Waogiek, iliyotokana na kazi hiyo na kutolewa mwaka 2011, ni hazina kubwa; hata hivyo kila atlasi ya namna hiyo ipimwe pia kwa yale iliyoyanyamazia kwa makusudi, na ukimya wa aina hiyo usihesabiwe kuwa upungufu wa data.

6.0 Turubai la Ngurrara

Ulinganisho na Australia una manufaa kwa sababu huko picha haikujaribu kufanana na ramani ya serikali. Mwaka 1997 wasanii wa jamii za Wawalmajarri, Wawangkajunga, Wamangala na Wajuwaliny walichora turubai la meta nane kwa kumi linaloonyesha nchi yao katika Jangwa Kuu la Mchanga, Australia Magharibi. Halina skeli wala ufunguo. Kiini chake ni jila, yaani visima hai vya jangwani, ambavyo kila kimoja kina watu wake na simulizi zake. Turubai hilo lilitandazwa mbele ya Baraza la Taifa la Hatimiliki za Wenyeji. Wasanii hawakukaa kando kulieleza. Kila mmoja alikwenda akasimama juu ya sehemu yake, juu ya kisima chake, akasema kwa lugha yake, na mkalimani akafuata. Mwaka 2007 mahakama ya shirikisho ilitambua haki za Wangurrara juu ya takriban kilometa za mraba 77,000.

Si sahihi kusema kwamba turubai ndilo lililoshinda kesi. Madai ya aina hiyo huhitaji pia ushahidi wa nasaba, wa historia na wa matumizi ya ardhi. Linalostahili kuzingatiwa ni mpangilio wa mawasiliano yenyewe. Picha haikupelekwa peke yake. Iliambatana na mwili na sauti ya mwenye maarifa, kiasi kwamba mjumbe wa baraza asingeweza kuichukua picha akaiacha lugha. Huko Kanada, katika kesi ya Delgamuukw, Mahakama Kuu ilifikia jambo lililo karibu na hilo tarehe 11 Desemba 1997, ilipoamua kwamba historia simulizi za wenyeji zipewe nafasi sawa na nyaraka, baada ya jaji wa kwanza kuzipunguzia uzito mwaka 1991.

Modeli ya Nessuit ilikuwa nayo sauti wakati wa kujengwa: watu 120 wakizunguka meza, wakikosoana. Sauti hiyo ilianza kupungua pale picha zilipochukuliwa kutoka juu. Hapa hakuna wa kulaumiwa, kwani meza ya meta 2.4 haisafirishwi kwa urahisi hadi Nairobi. Lakini kinasa sauti husafirishwa.

7.0 Ramani mbele ya mamlaka

Mwezi Oktoba 2009 Waogiek na wakazi wengine wa Mau walipewa notisi ya siku 30 kuondoka msituni. Shauri lililotokana na notisi hiyo lilifika katika Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, Arusha, ambayo tarehe 26 Mei 2017 iliamua kwamba Kenya ilikiuka haki za Waogiek, zikiwemo za ardhi, dini, utamaduni na maendeleo. Mahakama haikukubali hoja kwamba uhifadhi wa mazingira ulihalalisha kuwaondoa, wala kwamba wao ndio waliouharibu msitu. Tarehe 23 Juni 2022 ikatoa uamuzi wa fidia: shilingi za Kenya 57,850,000 kwa hasara ya mali na shilingi 100,000,000 kwa madhara yasiyo ya mali. Aidha, serikali iliamriwa kuibainisha ardhi ya jadi ya Waogiek, kuiwekea mipaka kwa kushauriana nao, na kuwapa hati ya pamoja. Mwezi Novemba 2023 familia za Waogiek wa Sasimwani, katika kaunti ya Narok, zilibomolewa nyumba na kutolewa msituni.

Kwa mtazamo wa makala hii, kifungu chenye uzito zaidi katika uamuzi wa 2022 si kile cha fedha. Ni kile cha kubainisha na kuweka mipaka. Kuweka mipaka ni kazi ya wapima ardhi, na wapima ardhi hufanya kazi kwa nukta, mistari na maeneo. Sarufi ileile iliyojadiliwa katika sehemu ya 4.0 itatumika, safari hii kwa nguvu ya sheria, na uzi hautasogezwa tena. Iwapo mto utaandikwa kuwa mstari, kuchuma kwa kuomba kutakuwa uvamizi kwa upande mmoja na ukarimu kwa upande mwingine. Iwapo kipande cha ukoo kitasomwa bila majira yake, sehemu ya juu itaonekana kuwa ziada.

Kiswahili kina nafasi katika shughuli hiyo ambayo haijatafitiwa vya kutosha, kwani mara nyingi ndicho kinachosimama kati ya Kiogiek cha mzee na Kiingereza cha hati. Istilahi kama mpaka, msitu, mwenyeji na mvamizi hutumika katika mabaraza hayo kila siku, na kila moja huingia ikiwa na maana ya kijijini na kutoka ikiwa na maana ya ofisini. Utafiti wa istilahi hizo unahitaji kufanyika wakati mistari bado inajadiliwa, mtafiti akiwa na daftari la maneno kando ya daftari la mpima, na akiandika si yale tu yaliyokubaliwa kuingia katika ufunguo, bali pia yale yaliyosemwa na kuachwa.